Artemizia mbili, gunia moja: namna labo inatenganisha majani yenye kufanana

Katika koperative nyingi za Kivu mutu akisema "artemizia", bado hatujajua anasema mumea gani. Kuna ule uliotoka China, Artemisia annua, ambao hapa tutauita anua. Kuna na ule wa kwetu Afrika, Artemisia afra, tutauita afra. Yote miwili inanuka kwa nguvu, yote miwili ni michungu mudomoni, na ikishakauka na kusagwa, hata mutu aliyeilima miaka mingi hawezi kuapa kwamba unga huu ni wa anua. Lakini ndani ya anua muna artemisinini, ile kitu viwanda vinatafuta kwa kutengeneza dawa za malaria. Ndani ya afra hamuna. Mulimaji aliyekosea mumea amepalilia sawa na jirani yake, amekausha sawa naye, amebeba kilo zilezile mpaka depo. Tofauti anaiona siku ya bei.

Walimaji wanatuuliza mara kwa mara: kwa nini munataka majani yetu yaende labo, na sisi tunayajua kwa macho? Ni swali la haki, maana labo inakula franga na inakula siku. Katika namba hii tunaeleza macho yanafika wapi, labo inaanzia wapi, na koperative ifanye nini ili franga zile zisipotee bure.

Macho yanafika wapi

Tusidharau macho. Mumea ukiwa mubichi na umesimama shambani, mulimaji mwenye kuangalia vizuri anautambua bila mashini. Anua inaishi musimu moja tu. Inaota kwa mbegu, inapanda na shina moja lililonyooka, mara nyingi inapita urefu wa mutu, inatoa maua madogodogo ya manjano, inazaa, inakufa. Mbegu zake ni kama vumbi: gramu moja inabeba zaidi ya 10,000, njo maana upepo kidogo kwenye pepinyeri unaweza kukumalizia kazi yote. Majani yake ni ya kijani safi, yamechanika vipande vyembamba sana, na ukiyasugua kwa vidole yanatoa harufu kali yenye utamu ndani.

Afra ni kichaka cha miaka. Chini shina linakuwa gumu kama kuni. Ukilikata linachipuka tena. Watu wengi wanaipanda kwa vitawi, si kwa mbegu. Jani lake lina rangi ya majivu, zaidi upande wa chini, ju ya manyoya madogo meupe.

Kwa hiyo kama "artemizia" yako jirani alikupa kitawi, ukaipanda, ukaikata mwaka jana, na mwaka huu imechipuka kwenye shina lilelile, usingoje labo. Ile si anua.

Shida inaanza nyuma ya mavuno. Majani yakilala kwenye shitingi siku kadhaa, kijani inageuka kahawia kwa yote miwili. Tunayapiga ili vijiti vitoke, yanavunjikavunjika, na yale manyoya meupe hayaonekani tena. Harufu nayo inapungua, tena inahama: gunia la afra likilala karibu na la anua katika depo moja, nyuma ya wiki mbili pua haiwezi kuamua tena. Munuzi akifungua gunia anakuta vumbi la majani, basi.

Na kuna shida ya pili ambayo macho hayawezi kuimaliza hata mumea ukiwa mubichi. Anua zote si sawa. Kuna anua ambayo majani yake makavu hayafikishi hata 0.1% ya artemisinini, na kuna aina zilizochaguliwa na wataalamu zinazopita 1%. Ukizisimamisha pamoja shambani ni kama mapacha. Artemisinini inakaa ndani ya vifuko vidogo sana juu ya majani na maua. Haina rangi, na ule uchungu unaousikia mudomoni hauonyeshi kama ni nyingi ao kidogo. Kuna mitu mingi ya uchungu ndani ya artemizia ambayo si artemisinini.

Jina moja, mimea miwili: hata China ilitokea

Wasifikiri wenzetu kwamba kuchanganya majina ni ujinga wa kijijini. Wachina wameandika juu ya majani haya kwa karne nyingi. Katika karne ya 4 muganga mumoja, Ge Hong, aliandika katika kitabu chake cha dawa za haraka kwamba kwa homa mutu achukue mukono moja wa qinghao, aloweke katika maji, akamue, anywe. Lakini qinghao ni mumea gani? Miaka mingi jina lile lilibebwa na mimea zaidi ya moja, na moja kati yao, Artemisia apiacea, haina artemisinini hata kidogo.

Wakati mutafiti Tu Youyou na wenzake walianza kutafuta dawa mupya ya malaria, kulikuwa siku majani yanaonyesha nguvu juu ya ugonjwa, na siku ingine hayaonyeshi kitu. Mwaka 1971 walibadilisha namna ya kutoa dawa katika majani: wakatumia eteri, maji yanayochemka kwa joto kidogo tu, kwa sababu walifikiri moto mukali unaharibu ile kitu wanayotafuta. Mwaka 1972 wakaipata artemisinini ikiwa safi, kama chumvi nyeupe. Kisha tu walipokuwa nayo mukononi njo waliweza kupima kila aina ya majani yaliyouzwa kwa jina lile na kusema: huu iko nayo, huu hauna. Tena wakaona kwamba anua ya sehemu za Beijing ilikuwa nayo kidogo sana, na ile ya jimbo la Sichuan ilikuwa nayo nyingi kuishinda. Mumea ni uleule, lakini udongo na mahali ni vingine. Tu Youyou alipata zawadi ya Nobel mwaka 2015.

Wazee wa Kivu wanajua habari yenye kufanana na hii, ni ile ya kinkina. Mwaka 1865 Muingereza Charles Ledger alituma Ulaya mbegu za kinkina zilizookotwa Bolivia na mufanyakazi wake Manuel Incra Mamani. Waholanzi wakanunua kama nusu kilo, wakapanda Java. Kwa macho ilikuwa kinkina tu. Lakini wakemia wao walipima maganda, muti kwa muti, wakakuta mingine inafika mpaka 13% ya kinini, wakati kinkina ingine iliyopandwa duniani ilikuwa chini sana. Wakachagua mbegu kwa kufuata karatasi ya labo, hawakufuata uzuri wa muti. Aina ile inaitwa ledgeriana mpaka leo, na wakaanza kuipandikiza juu ya mizizi ya succirubra, ambayo ina nguvu shambani lakini kinini yake ni kidogo. Mutu anayetembea katika shamba la kinkina hapa kwetu anatembea juu ya kazi ya labo ya zaidi ya miaka mia moja.

Namna labo inafanya

Jaribu hii nyumbani. Kata kipande kirefu cha karatasi yenye kunywa maji, weka tone la wino mweusi wa kalamu za watoto za kuchorea karibu na ncha, kisha simamisha ncha ile katika maji kidogo, wino usiguse maji. Maji yanapanda polepole, yanafika kwenye tone, na ule weusi unafunguka: utaona bluu imeenda juu, nyekundu imebaki katikati. Wino ulikuwa rangi nyingi zilizofichana ndani ya moja. Ni kama watu waliotoka soko pamoja kupanda mulima: mwanzoni ni kundi moja, lakini mwenye kikapu tupu atafika juu, na mwenye gunia la mihogo mutamukuta bado chini.

Labo inafanya vile, na jina la kazi hii ni kromatografia. Wanasaga majani, wanapima unga kwenye mizani, wanauloweka katika maji ya kemia yanayovuta artemisinini, wanachuja. Kisha wanachukua tone dogo na kuliweka kwenye kibao kilichopakwa unga mweupe wa silika. Kando yake wanaweka tone la artemisinini safi, na labo nzuri inaongeza tone la anua inayojulikana na la afra inayojulikana. Kibao kinasimamishwa ndani ya chupa pana yenye maji ya kemia kidogo chini. Maji yanapanda, na kila kitu kilichokuwa ndani ya jani kinasimama pahali pake.

Ukiangalia kibao wakati ule hauoni artemisinini, maana haina rangi. Wanapulizia dawa yenye asidi na anisaldehidi, wanakipasha moto, njo madoa yanatokea. Kama jani lako liko na doa lenye rangi ileile na urefu uleule na lile la artemisinini safi, imo. Kama ni afra, utaona madoa mengi mazuri, lakini pahali pale ni patupu. Tena safu yote ya madoa, toka chini mpaka juu, inafanana na kidole tunachoweka kwenye wino wakati wa kuandikishwa kwa uchaguzi: kila mumea una mistari yake. Hivi njo wanatambua pia gunia lililochanganywa, kwa sababu mistari ya mimea miwili inaonekana pamoja katika safu moja.

Kibao kinajibu "imo ao haimo". Hakisemi vizuri ni ngapi. Kwa kujua ngapi wanatumia mashini ambayo pompi yake inasukuma yale maji ya majani ndani ya bomba jembamba la chuma lililojaa unga mulaini sana. Vitu vinatoka upande wa pili kila kimoja kwa dakika yake, na mashini inachora vilima kwenye karatasi. Kilima cha artemisinini kikiwa kikubwa, artemisinini ni nyingi. Wanakilinganisha na kilima cha artemisinini safi ambayo wanajua uzito wake.

Hapa kuna jambo ambalo prezida wa koperative anafaa kulijua mbele ya kulipa. Artemisinini ni ngumu kuonekana hata kwa mashini. Ile taa ambayo mashini nyingi zinatumia kuangalia vitu vinavyopita haiioni vizuri. Labo inafaa kuwa na jicho la aina ingine kwenye mashini yake, ao ianze kwa kugeuza artemisinini kwa kutumia soda kali ili taa iweze kuiona. Kwa hiyo muulize maswali mawili: munapima artemisinini kwa njia gani? Na muko na artemisinini safi ya kulinganisha? Labo ikikosa ya kulinganisha, hata ikiwa na mashini ya bei kubwa, namba itakayowapa ni ya kukisia. Sisi tungeacha labo ile, hata kama iko karibu na bei yake ni ndogo.

Hesabu ya gunia moja

Tuseme koperative imekusanya kilo 500 za majani makavu. Kilo 300 ni anua nzuri ya 0.8%. Ndani yake muna kilo 2.4 za artemisinini. Kilo 200 ni afra, zilizoletwa na wanachama watatu ao wane waliopewa vitawi na jirani, bila nia mbaya. Ndani yake hamuna kitu. Mumevimwaga vyote pamoja kwenye shitingi, mumechanganya, mumefunga. Sasa ni kilo 2.4 ndani ya kilo 500: labo itaandika 0.48%. Kama munuzi alisema hapokei chini ya 0.6%, anarudisha zote 500, na wale walioleta majani mazuri wanarudi nyumbani mikono mitupu pamoja na wengine. Kuzitenganisha tena haiwezekani.

Hapa njo tunaona faida kubwa ya labo kwa mulimaji mudogo, hata kuliko upande wa munuzi. Karatasi ya labo inamulinda yule aliyefanya vizuri. Lakini inamulinda tu kama gunia lake lilibaki na jina lake mpaka mwisho.

Na mbegu? Anua inapelekewa poleni na upepo, mumea na mumea wanachangana. Ukinunua mbegu ya aina iliyochaguliwa, kisha ukaokota mbegu katika shamba lako, watoto hawatafanana na mama: mumoja atakuwa na nyingi, mwingine kidogo, na kwa macho hauwajui. Tunajua mbegu ya kununua ni gali. Koperative inayotaka kuokota mbegu yake ipime kwanza majani ya mavuno yanayofuata mbele ya kuigawa kwa wanachama wote. Tena kwetu, karibu na ikweta, kuna aina za anua zinazotoa maua zikiwa bado fupi, kwa sababu zinangoja siku kuwa fupi na kwetu siku hazirefuki. Shamba linaisha bila majani. Hapo hauhitaji labo, utaona mwenyewe, lakini umeshapoteza musimu.

Mutoto mwenye homa

Hatuwezi kuandika juu ya artemizia bila kusema hili, kwa sababu majani yanayobaki nyumbani yanaishia katika sufuria. OMS ilisema mwaka 2012 na tena mwaka 2019 kwamba haiungi mukono kutumia majani ya artemizia, kama chai ao unga, kwa kutibu ao kuzuia malaria. Wengine kwetu wanaona ni njama ya viwanda. Sisi tunaangalia yale labo inatuonyesha. Kikombe cha chai ya jani la 0.1% na kikombe cha jani la 1% vinafanana rangi na uchungu, lakini kimoja kiko na jani lenye nguvu mara kumi kuliko kingine. Artemisinini yenyewe inayeyuka vibaya katika maji, na haikawii mwilini. Ikiingia kidogo, inaua sehemu ya vidudu, homa inashuka siku mbili, na vilivyobaki vinarudi, tena vile vilivyozoea dawa. Njo maana dawa za santre zinapima kipimo kwa uzito wa mutoto na zinaunganisha dawa mbili, ya pili ikimalizia kazi ya ya kwanza. Na kama jani lililomo katika sufuria lilikuwa afra, mama alingojea siku mbili bila artemisinini hata chembe. Kwa mutoto mudogo siku mbili za malaria ni nyingi. Apelekwe santre, apimwe damu.

Afra nayo si takataka. Sehemu nyingi za Afrika watu wanaitumia kwa kikohozi na mafua tangu wazee, na inaweza kuuzwa kwa jina lake. Lakini mafuta yake yana tujoni, ambayo ikizidi inaharibu mishipa ya fahamu, na kiasi chake kinabadilika mahali kwa mahali. Hata hapo labo iko na kazi. Mama mwenye mimba aiache.

Kutayarisha eshantiyo

Labo inapima kile umeipelekea, basi. Ukichuma majani ya mumea moja mukubwa ulio kando ya nyumba, utapata karatasi nzuri ya mumea ule moja, na gunia litakukanusha.

Anzeni shambani, mbele kidogo ya maua ao yakianza, kwa kuwa wakati ule artemisinini inakuwa nyingi. Katika kila shamba chumeni kitawi kwenye mimea mingi, pembeni na katikati, kwa ile mirefu na ile mifupi. Kausheni kivulini penye upepo, juu ya shitingi safi, mpaka jani linavunjika kwa vidole. Jani lenye unyevu litaota ukungu njiani. Ondoeni vijiti, maana ndani yake artemisinini ni karibu hakuna na vinavuta namba chini. Mwageni majani yote kama mulima mudogo, muugawe katika sehemu nne, muchukue sehemu mbili zinazoangaliana, muzichanganye, mugawe tena, mpaka mubakie na kiasi kidogo ambacho labo iliomba. Kazi hii inaonekana ya kuchosha, lakini njo inafanya mukono moja wa majani useme ukweli juu ya gunia zima.

Kiasi kile kiwekeni katika bahasha ya karatasi, si sashe ya plastiki inayotoa jasho. Andikeni na biki: jina la mwanachama, kijiji, tarehe ya kukata, mbegu ilitoka wapi. Bahasha ya pili yenye majani yaleyale ibaki kwenye koperative, imefungwa na kutiwa sahihi na watu wawili. Munuzi akileta karatasi ya labo yake yenye namba ya chini, mutakuwa na kitu cha kupeleka kwenye labo ya tatu.

Pamoja na majani ya kupima, kausheni tawi moja zima lenye maua kati ya magazeti, chini ya jiwe ao vitabu vizito. Tawi lile linaweza kuonyeshwa kwa mutaalamu wa mimea. Kule Lwiro, katika Kabare, kuna mahali panapohifadhi matawi makavu ya namna hiyo kwa miaka mingi, na mutaalamu anaweza kulinganisha lenu na yale. Kemia na botaniki zikisema neno moja, munuzi anakosa pa kushika.

Kama franga hazitoshi kupima kila shamba, pimeni kwanza kwa kibao, kinachojibu kama imo ao haimo na bei yake ni ndogo, kwa wanachama wote wenye kutilia shaka mumea wao. Mashini muiachie magunia yaliyopita. Na kila gunia liendelee kukaa peke yake katika depo mpaka jibu lifike. Jibu likifika, namba iandikwe katika kaye ya koperative kando ya jina la mwanachama na mbegu yake, na ile bahasha ya pili isifunguliwe wala kutupwa mpaka munuzi amelipa.